Cheti Bila Tone la Damu

Kef, 12 Novemba 2017

Mwanangu Wajdi,

Barua hii ikukute umekula na umevaa soksi. Huku baridi imeshaingia kwenye mifupa, na goti langu la kushoto limeanza kununa. Mengine mazima. Mama yako anakusalimu. Alinipa salamu hizo tukiwa tunakausha pilipili, kwa sauti ya mtu anayeiba, maana baba yako alikuwa chumba cha pili. Nilimwuliza baba yako, "Mokhtar, mwaka wa pili huu hujamtaja mtoto wako, huchoki?" Akasema chai imepoa. Basi, chai imepoa.

Usiniombe tena tuongee mambo haya kwenye simu. Simu yangu ni ya nyumba nzima, kila anayeingia anaishika. Na ni wewe uliyenisimulia jinsi polisi walivyomkamata rafiki yako, wakasoma simu yake, na yale waliyoyasoma yakawa ndiyo ushahidi. Karatasi inachomeka. Mzee Bechir anaendesha teksi yake kila siku kati ya Kef na Tunis, na barua ikikaa chini ya mtungi wa pilipili ya harissa hakuna wa kuifungua.

Sasa lililonikalisha kuandika. Tangu nistaafu wodi ya wazazi, wanawake wanakuja jikoni kwangu kila Jumatano, eti kushona. Hakuna anayeshona. Juzi Zina kaniuliza kuhusu jirani yake, ambaye mumewe katokwa usaha na anasema ameupata hammam, kwenye bafu la umma. Miaka thelathini na tatu ya ukunga sijapata kukutana na mwanamke mwenye tatizo lake mwenyewe, siku zote ni jirani. Nikamwambia maji ya hammam hayana kosa. Lakini vitabu vyangu ni vya zamani. Niambie siku hizi wanatibu vipi, na uniletee vile vikaratasi mnavyowapa watu wa aina yako hapo kituoni kwenu.

Na furaha: mwanangu Hatem amepata mchumba. Yosra, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa watu wenye heshima. Harusi ni Agosti, panapo majaliwa. Nimepiga vigelegele mpaka sauti imekauka.

Mama yako mdogo,
Mongia

Tunis, 3 Desemba 2017

Mama mdogo mpenzi,

Soksi nimevaa. Harissa imefika, na imewaliza watu wazima watatu. Mimi mzima, ila silali vizuri. Gari likisimama nje nachungulia dirishani. Nitazoea.

Mwambie jirani wa Zina, au Zina mwenyewe, kwamba ule ni kisonono na dawa yake ipo, lakini mume na mke watibiwe pamoja, siku ileile. Akitibiwa mmoja wataendelea kupokezana. Kondomu mpaka wamalize na wapimwe tena. Hammam tuiache ipumzike.

Sijakueleza kazi yangu ikoje. Jumanne na Alhamisi mchana nakaa kwenye simu ya ushauri ya kituo chetu. Anayepiga hatuulizi jina. Wengi huanza kwa kuuliza kuhusu rafiki yao, kwa hiyo na sisi tuna majirani wetu. Chumba cha pili wanapima damu bure. Jumamosi tunakunywa chai. Yupo binti wa Gabes anayempenda binti wa Sousse, yupo Lubna msusi, aliyezaliwa wakimwita mwana wa kiume na ambaye hamna anayethubutu kumwita hivyo leo, wapo wavulana wanaochekesha mpaka unasahau walikuja wanalia. Niliwasomea barua yako. Lubna kasema, "Huyu mama anakodishwa?"

Jambo moja, usinikasirikie. "Watu wa aina yako." Mimi ni shoga, mama mdogo. Neno hilo walikuwa wanatutupia njiani. Sisi tumeliokota, tumelifua, tunalivaa. Wewe pia unaweza kulisema.

Mpe hongera ndugu yangu Hatem. Tulilala chandarua kimoja kila kiangazi na hajawahi kuniandikia hata mstari tangu baba anifukuze. Simlaumu. Namba ya simu ya kituo iko nyuma ya vikaratasi nilivyoweka humu.

Mwanao,
Wajdi

Kef, 20 Januari 2018

Mwanangu Wajdi,

Theluji imeanguka siku mbili, mzee Bechir hakusafiri, ndiyo maana nimekawia. Tuko wazima. Mama yako kafuma sweta la kijani ambalo halimwenei mtu yeyote humu Kef, nami sikuuliza ni la nani. Limo kwenye mzigo.

Shoga. Nimeliandika, na kalamu haikuvunjika. Jumatano nililisema mbele ya wanawake tisa. Zina akasema, "Mongia, astaghafiru!" Nikamjibu, "Zina, tumekaa wiki tatu tunazungumzia uume wa mume wa jirani yako, leo ndiyo umepata haya?" Walicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha mmoja, simtaji, akabaki nyuma kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi, akaniambia binti yake hataki kuolewa na hatataka, na kwamba amelijua hilo miaka sita bila kumwambia mtu. Tukaosha vile vikombe tena.

Hatem ananipa wasiwasi. Jioni anatembea kutoka jikoni hadi mlangoni, mlangoni hadi jikoni. Yosra akipiga simu anajibu kwa neno moja. Ana vipele viganjani, anasema ni sabuni ya kuoshea gari. Nimempa marhamu. Nadhani ni hofu ya harusi tu, baba yake pia alikuwa vile. Lakini nyie mlikuwa kama pacha. Mwandikie. Mwulize kama amemchoka binti wa watu, kabla sijanunua vitambaa.

Mungu alinipa busara kwako, mwanangu. Siku uliponiambia sikupiga kelele wala sikulia. Natamani watoto wote wawe na mama mdogo kama mimi. Naam, najisifu. Nani mwingine atanisifu na goti hili?

Mongia

Tunis, 9 Machi 2018
(Barua hii haikutumwa.)

Mama mdogo,

Hatujambo. Hapana, sina raha ya salamu leo.

Tangu Februari nimehamishiwa zamu ya Jumatatu. Sikuwaambia, sikuona sababu. Jumatatu iliyopita, saa tisa alasiri, nikashika simu nikasema kama tunavyosema siku zote, "Karibu, huhitaji kutaja jina." Sauti ikaanza kusoma kitu kilichoandikwa. Mwezi wa kumi alipata kidonda hapo chini, hakikuuma, kikapona chenyewe. Kisha vipele viganjani na nyayoni. Navyo vimeondoka. Alilala na mwanamume. Anaoa Agosti. Je, ikiwa vimeondoka, ugonjwa nao umeondoka?

Nilijua sauti ile kwenye neno la pili. Viangazi vingapi tumegombania godoro.

Nikamwambia ukweli: kuondoka si kupona, huenda ni kaswende, inajificha na kuendelea ndani, lakini inatibika kabisa kwa sindano. Njoo tupime. Akasema, "Wajdi?" Nikaendelea kumtajia anwani ya kituo. Akasema, "Si unafanya Jumanne na Alhamisi wewe!" Nikasema, "Bwana, mimi sikujui. Lakini njoo." Akasema, "Ukimwambia mama nitajitupa kutoka juu ya ngome ya Kasbah." Akakata.

Mama mdogo, ni Hatem. Mwanao ni kama mimi, ni mgonjwa, na anakwenda kumwoa Yosra.

Nimeandika. Sasa naichana, au naificha, sijui. Nikikwambia nitakuwa nimefanya kama wale waliosoma simu ya rafiki yangu. Nisipokwambia, kuna msichana ambaye hajui. Nimezunguka hiki chumba tangu asubuhi.

Tunis, 30 Machi 2018

Mama mdogo,

Natumaini hamjambo, na mama, na goti. Sweta limenienea sawasawa, mwambie aliyelifuma. Samahani kwa kukawia, kazi imekuwa nyingi.

Nimekuwekea vikaratasi vipya vya Jumatano. Kimoja ni cha wachumba. Ningependa ukisome mwenyewe kwa makini. Kinasema kile cheti cha daktari cha kabla ya ndoa kisichukuliwe kama karatasi ya kukamilisha faili la manispaa. Wachumba wote wawili wapime damu kweli, kila kitu, na mapema, ili wakikuta jambo wapate nafasi ya kutibiwa. Hayo nawaambia wachumba wote.

Salamu kwa wote nyumbani.

Wajdi

Kef, 22 Juni 2018

Mwanangu,

Idi njema, ingawa umeipitisha kimya. Barua yako ya Machi ilikuwa kama taarifa ya wizara. Nilikuomba uongee na nduguyo, hukumtaja hata jina. Nimenuna miezi miwili, sasa nimechoka kununa peke yangu.

Mama yako kaumwa jino, limeng'olewa. Baba yako kakuta picha yako kwenye droo ya vijiko, kaitazama, kairudisha kwenye vijiko. Hakuichana. Usicheke, kwa baba yako hiyo ni hotuba.

Idi tulipeleka zawadi kwa kina Yosra kama desturi: dhahabu, manukato, kitambaa, sinia la biskuti za makroudh. Binti yule ananipenda. Ananiita mama tayari. Ananiuliza watoto hulala upande gani tumboni.

Na cheti nimekimaliza! Hatem alikuwa ananizungusha. Leo kazi, kesho maabara imefungwa, keshokutwa kichwa kinamwuma. Siku zinakwisha, manispaa wanataka faili. Nikaenda mwenyewe kwa Daktari Lamine. Tumefanya kazi naye wodi moja miaka kumi na minne. Nikamwambia, "Daktari, huyu mtoto ulimpokea mwenyewe mikononi, unataka umtoboe ya nini?" Akacheka, akagonga muhuri. Dakika tano, hata shati halikukunjwa mkono. Nilipompa Hatem karatasi alikaa chini ghafla, pale pale kizingitini. Nadhani ni furaha.

Njoo harusini. Baba yako mimi nitamkalisha upande wa jua.

Mongia

Tunis, 27 Juni 2018

Mama mdogo,

Nimesoma barua yako nimesimama, na bado nimesimama.

Wewe? Wewe uliyewafukuza wajawazito mlangoni warudi na majibu ya damu? Wewe uliyetusimulia, mimi na Hatem tukiwa wadogo, habari ya kichanga aliyezaliwa na kaswende, na jinsi mama yake alivyokuwa na cheti kizuri chenye muhuri? Ulisema ungemjua aliyegonga muhuri ule ungemvunja vidole. Ni maneno yako.

Chana cheti. Warudi wote wawili, wakapime. Usiniulize kwa nini. Siwezi kukwambia kwa nini, na siwezi kukwambia kwa nini siwezi. Nakuomba tu kama mwanao. Siji harusini nikiwa najua kile cheti ndicho kilichofungua mlango.

Wajdi

Kef, 3 Julai 2018

Wajdi,

Hujambo. Sisi hatujambo.

Mimi si mtoto. "Siwezi kukwambia kwa nini siwezi." Hatem alikupigia simu? Amekwambia nini? Jibu ndiyo au hapana, ni wino kidogo tu.

Nilikupokea baba yako alipokutupa. Nimekula matusi ya mtaa kwa ajili yako. Nimelisema lile neno lenu jikoni kwangu. Yote hayo nimeyafanya na ningeyafanya tena. Lakini Hatem muache. Kila mtu na maisha yake. Usimvute mwanangu kwenye mambo yenu. Nina mmoja tu.

Harusi iko palepale, Jumamosi tarehe nne Agosti.

Mongia

Kef, 17 Julai 2018

Mwanangu Wajdi,

Wiki mbili, na mzee Bechir anashuka kwenye teksi mikono mitupu. Nilikwenda kituo cha teksi mara nne na goti hili. Mara ya nne akaniambia, "Bibie, ningekuwa nayo ningekupa, usinitazame hivyo." Mama yako hasemi nami. Nilimsomea nilichokuandikia. Alisema, "Kumbe uliweza kumkubali Wajdi kwa sababu ni wangu, si wako."

Kwa hiyo jana nilichukua kile kikaratasi, nikageuza nyuma, nikapiga namba. Nilichagua Jumatatu makusudi, nisimpate mtu ninayemjua. Kijana mmoja akapokea. Akasema nakaribishwa na sihitaji kutaja jina. Nikahamisha simu sikio hili hadi lile. Akasema, "Nipo, mama. Usiwe na haraka."

Nikasema, "Nina jirani yangu."

Akasema, "Ana umri gani huyo jirani?"

"Sitini na mbili. Goti bovu."

"Pole yake. Ana shida gani?"

"Ana mtoto wa kiume. Anadhani mtoto ana siri, na ameogopa kumwuliza. Amwulizeje?"

Yule kijana alivuta pumzi, nikamsikia. Akasema, "Huyo jirani yako, yeye mwenyewe amewahi kumwambia mwanawe siri yake?"

"Hana siri. Mkunga mstaafu atakuwa na siri gani?"

"Hana hata moja?"

Nikasema nitamwuliza jirani. Akasema, "Basi akiikumbuka, aanze na hiyo. Asiulize kitu. Amwambie yake kwanza, halafu asiondoke kwenye kiti." Kijana mwenye adabu sana. Sijui ni wa nani. Ukimwona mwambie jirani anamshukuru, na kwamba anaona haya kwa maneno fulani aliyowahi kuyaandika.

Jioni Hatem aliporudi kazini nilizima televisheni. Nikamwambia, "Kaa. Nimekukosea. Vile viganja vyako niliviona mwezi wa kwanza. Vipele kama vile nimevisoma kwenye mikono ya wanawake mia. Ungekuwa mtoto wa mtu ningekushika masikio nikakupeleka maabara siku ileile. Nikakupa marhamu. Na cheti sikukitafuta kwa sababu ya foleni. Nilikitafuta kwa sababu niliogopa damu yako ingesema nini."

Wajdi, aliweka kichwa mezani, juu ya makombo ya mkate, akalia kama alivyolia alipovunjika mkono akiwa na miaka saba. Sikuondoka kwenye kiti. Aliniambia yote. Sikuandiki hapa, ni yake.

Leo asubuhi nimekwenda kwa kina Yosra, peke yangu. Nikaweka cheti mezani nikasema, "Hiki ni cha uongo. Nilimwomba rafiki yangu akakigonga bila tone la damu. Kosa ni langu, mkunga. Harusi isifungwe kwa karatasi hii." Baba yake akasimama. Mama yake akaniuliza, "Kwani mwanao ana nini?" Nikasema, "Hilo nimemkatia tiketi akalipime Tunis Alhamisi, akirudi atakuja kusema mwenyewe kwa mdomo wake." Yosra alikichukua kile cheti akakisoma mbele na nyuma. Kisha akasema, "Kizuri, mama. Kina muhuri kabisa." Ningependelea anipige.

Ni zamu ya nani Alhamisi sijui. Sikuulizi.

Mama yako mdogo, kama bado ni hivyo,
Mongia

Tunis, 23 Julai 2018

Mama mdogo,

Bado ni hivyo. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa naogopa, na vyote viwili vilinifunga mkono. Yale maneno yaliniuma, sitasema hayakuniuma. Yanapungua.

Yule kijana wa simu nimemfikishia shukrani. Kasema baada ya simu ya yule jirani aliomba dakika kumi akaenda kusimama uani.

Alhamisi sikuwa kazini. Nani aliingia kituoni na nani alitoka, na nini kiliandikwa kwenye karatasi gani, mimi siulizwi na sisemi. Ninachoweza kukwambia ni changu tu: kwamba nilikaa nje kwenye ngazi, na ndugu yangu akatoka akakaa kando yangu, tukala biskuti za makroudh ulizofunga kwenye kitambaa. Hatukuwa tumeonana miaka miwili. Kasema nimenenepa. Nikamwambia sweta. Akasema ni Julai, mjinga wewe. Tukacheka mpaka Lubna akatoka kuangalia kama kuna mtu anapigwa.

Kisha akanishika mkono akaomba nimwambie kwamba mtu akiishi hivi haishii pabaya. Sikumdanganya. Nilimwambia polisi wapo, baba zetu wapo, na Jumamosi chai ipo.

Wajdi

Kef, 4 Agosti 2018

Mwanangu Wajdi,

Leo ndiyo ingekuwa harusi. Joto kali, hakuna upepo, mama yako yuko hapa tangu asubuhi kwa sababu kondoo alishalipiwa na hatuwezi kumrudishia mchinjaji. Tunapika borzgen, ile kuskusi ya kondoo na tende, ya watu mia kwa watu watano. Mtaa mzima utakula tende na mlozi wiki nzima.

Hatem ameniruhusu nikuandikie haya. Damu yake haina virusi vya UKIMWI. Ana kaswende, sindano moja kila wiki, wiki tatu. Ya pili nimemchoma mwenyewe jana, kwa karatasi ya daktari wa kituo chenu. Siku hizi naamini karatasi baada ya kumpigia simu aliyeiandika. Yule mwanamume mwingine ameambiwa naye, anatibiwa. Yosra hakuhitaji, hawakuwahi kukutana kimwili, lakini alipima yote kwa hasira tu, na yuko mzima.

Hatem alikwenda kwao mwenyewe. Hakumficha. Alikaa saa mbili. Alirudi na shavu jekundu na sanduku la dhahabu. Yosra alimwambia, "Ungeniambia mwaka jana ningekuwa rafiki yako. Sasa subiri." Sijui atasubiri miaka mingapi. Jikoni kwangu siku ya Jumatano Yosra alikuja, akakaa mwisho kabisa karibu na mlango, hakunisalimia, akasikiliza mpaka mwisho. Daktari Lamine naye hanisalimii, anavuka barabara. Mtaani wanasema mengi, mengine ya kweli. Zina kaniambia, "Mongia, wewe na jirani zako mtatuua."

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu hali mama yako ananiita sufuria linaungua.

Jana baada ya sindano, Hatem alikuwa anajifunga mkanda, mimi namuuliza maswali yangu. Homa? Hapana. Kizunguzungu? Hapana. Yule mwenzako ametibiwa kwa dawa gani, ana mzio? Akaniambia alikuwa anasoma barua zako, zote. Sikuzichoma, nilizificha chini ya mashuka, naye alizikuta mwaka jana. Namba ya simu aliipata huko. Kasema, "Nilikuwa nasoma Wajdi anavyokuandikia, nikasema huyu mama ni wa Wajdi. Mimi wangu ni yule anayepiga vigelegele." Nikamwomba radhi tena. Akasema si hilo. Akasema, "Mama, umeniuliza kidonda, umeniuliza vipele, umeniuliza sindano inauma. Kwa siku kumi na nane sasa. Hujaniuliza anaitwa nani."

Nikabaki na pamba mkononi. Nikamwuliza. Anaitwa Ilyes. Ana miaka thelathini na moja, anatengeneza saa Jendouba, anaimba vibaya. Hatem alipolitamka jina hilo uso wake ulibadilika, na mimi niliyemzaa sikuwahi kuuona uso ule. Nilimpeleka kwa kina Yosra na sinia za zawadi, na sikuwahi kuuona.

Usiku wote... hapana, nisiseme uongo, nililala. Lakini alfajiri nilizitoa barua zako nikazisoma upya, na zangu kichwani. Nimekuuliza kisonono. Nimekuuliza kondomu, soksi, usingizi, polisi, vikaratasi. Nimejisifu kwa mtaa mzima kwamba nakupenda. Una miaka ishirini na sita.

Mwanangu, una mtu? Anaitwa nani?

Mongia